Gauni la Sara na Mazishi ya Igalula

Ndugu zangu wa jumuiya,

Tangu nirudi, kila mmoja wenu ananishika mkono mlangoni na kuniuliza, "Felista, Tabora kulikuwaje?" Nami najibu, "Salama tu," kwa sababu mlangoni si mahali pa kusimulia. Leo nimekaa. Cherehani nimeifunika, wateja nimewaambia warudi kesho. Habari za kukata tiketi nitaziruka, sijamwona bado mtu aliyefurahi kuzisikia.

Mnajua nilikwenda kwa mdogo wangu Leokadia. Aliolewa na Yona, mfuga nyuki wa Sikonge, akaingia katika familia ya Wamoraviani, na binti yao mkubwa, Sara, alikuwa apate kipaimara siku ya Jumapili. Mimi ndiye niliyemshonea gauni jeupe. Vipimo walinitumia kwa simu. Nililikunja ndani ya shuka safi, nikalitia kwenye begi, na begi lile sikuliachia mkono.

Morogoro hadi Dodoma

Treni mpya inakwenda kasi, ina viti laini, na sina la kusimulia. Dada aliyekaa jirani yangu alikuwa na vidude vya muziki masikioni toka tulipopanda mpaka tuliposhuka. Tuliagana kwa nyusi.

Dodoma hadi Igalula

Treni ya zamani ndiyo yenye mambo. Tuliipanda Ijumaa jioni, na kabla haijaondoka nilikuwa nimeshajua nani anakwenda wapi na kwa nini.

Mbele yangu alikaa mzee wa kofia nyeupe, jina lake Mzee Idi, fundi magodoro wa mjini Tabora. Alikuwa na gunia kubwa la sufi ya kujazia magodoro, amelilaza kati ya miguu yetu kama abiria mwenzetu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ukishikwa na usingizi egemea gunia, halina nongwa."

Alituambia kwamba babu wa babu yake aliipita njia hii hii kwa miguu, ametoka Bagamoyo na msafara, mzigo kichwani. Alipofika Tabora wenzake wakaendelea kwenda Ujiji, yeye akabaki.

"Alipapenda?" nikamuuliza.

"Miguu ilimuuma," akasema. "Sisi wote tuliozaliwa pale ni wajukuu wa malengelenge."

Dirishani alikaa mwanamke wa miaka thelathini hivi, khanga kichwani, simu mkononi. Huyo hakucheka. Tulipofika Manyoni nilimnunulia chai, akaipokea kwa mikono miwili, ndipo akatuambia. Jina lake Kabula. Anapika kwenye mgahawa Dodoma. Baba yake, Mzee Mihayo, alikuwa amefariki Alhamisi nyumbani kwao, kijijini mbele ya Nguruka, njia ya Kigoma. Huko karibu hakuna mahali pa kuhifadhia mwili, kwa hiyo kaka zake walikubali kumsubiri mpaka Jumamosi alasiri, si zaidi. Treni ikienda kama inavyotakiwa angefika mchana.

"Utafika," nikamwambia.

"Nitafika," akasema.

Nikatoa rozari yangu nikaanza kumwombea. Lakini mnanifahamu. Midomo ilikuwa kwenye Salamu Maria na akili ilikuwa kwenye mikono ya gauni: sijui niliibana sana, sijui nilipaswa kuacha nafasi. Fumbo la nne la rozari lilinikuta nikipima mabega ya Sara. Nikaegemea gunia la Mzee Idi, nikalala.

Igalula

Asubuhi niliamshwa na ukimya. Treni ilikuwa imesimama kwenye stesheni ya Igalula, na Tabora ilikuwa karibu kiasi kwamba Mzee Idi alishavaa viatu. Mhudumu wa behewa alipita akisema behewa la mizigo limeacha reli mbele yetu, mafundi wako njiani.

"Wako njia ipi?" Mzee Idi akamuuliza.

"Njiani, mzee."

Watu wakashuka. Wanawake wa pale hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mara tukaona mabeseni ya karanga za kuchemsha, kuku wa kukaanga, na michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa na kukaushwa juani. Nilinunua michembe mibichi nikaanza kuitafuna kama biskuti. Muuzaji alinitazama kwa huruma.

"Mama, hiyo inapikwa kwanza."

"Nilidhani ndivyo inavyoliwa."

"Wanaokula hivyo ni watoto. Na meno yao ni mapya."

Asubuhi ikapita hivyo, jua likapanda. Kabula alikuwa amekaa kando ya reli, peke yake. Nikamfuata, na kwa nia njema kabisa nikaanza kumpangia maisha. Achukue bodaboda mpaka Tabora. Kutoka Tabora atafute gari la Kaliua. Ampigie kaka yake waongeze saa mbili. Kama si hivyo, amwombe mchungaji aongee na wazee. Nilikuwa bado nazungumza aliponigeuzia uso.

"Mama, nimeshapiga hesabu zote. Hakuna gari la kunifikisha." Hakuwa na hasira. "Naomba unyamaze kidogo. Kaa tu."

Nikakaa. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniambia ninyamaze nami nikanyamaza. Kokoto zilikuwa za moto zikinichoma kupitia kitenge. Kwanza nilitafuta neno la kusema, kisha nikatafuta sala ya kusali, kisha nikaacha kutafuta. Nikaona tu kwamba Kabula alikuwa akipumua kama mtu aliyebeba kitu kizito, nami nikawa nipo hapo anapopumua. Kama mtaniuliza nilisali lini katika safari ile, nitasema ni pale, na sikusema chochote.

Baada ya muda simu yake ikalia. Alisikiliza, akasema, "Sawa, kaka. Sawa. Msinisubiri." Akaiweka mapajani.

"Saa tisa wanamzika."

Wakati huo huo kijana wa bodaboda akaniita. Nilikuwa nimeshapatana naye kabla sijaja pale kando ya reli, na begi langu alikuwa ameshalifunga nyuma ya pikipiki. "Mama, twende! Ukitoka sasa unalikuta gari la Sikonge stendi. Ukichelewa, mpaka kesho."

Kesho ilikuwa Jumapili. Ibada ya Sara ilikuwa asubuhi.

Nilisimama. Nilimtazama yule kijana, nikalitazama begi. Nilimwona Sara amesimama mbele ya kanisa zima na nguo ya shule, wenzake wote wamevaa meupe. Nilimsikia Leokadia. Kisha nikamtazama Kabula. Hakuniambia nibaki. Angeniambia, pengine ningepata sababu ya kukataa. Alikuwa ameinamia udongo, anachora kwa kidole.

"Fungua begi, mwanangu," nikamwambia kijana. "Siendi."

Nilimpigia Leokadia. Nilisikia "Dada, uko w—" na mtandao ukakatika. Nikapiga tena, sikumpata.

Sasa sikilizeni lililofuata, maana hakuna aliyelipanga. Nilimweleza Mzee Idi kwamba saa tisa Mzee Mihayo atazikwa. Mzee Idi akaliacha gunia lake, akaja, akasimama mbele ya Kabula. "Binti, baba yako anazikwa saa tisa. Basi na sisi tutakuwepo saa tisa." Akaenda kuwaambia watu behewa kwa behewa. Alirudi na umati: abiria wa Kigoma, wauzaji wa kuku, hata yule kijana wa bodaboda, ambaye alizima pikipiki na kuvua kofia.

Akaja pia mama mmoja ametoka shambani, jembe begani. Alinisalimu kwa neno ambalo nilidhani ni jina lake. Nilimwambia, "Mimi Felista," akatikisa kichwa. Akauliza kuna nini, akaambiwa kwa Kinyamwezi, akashusha jembe, akachagua mahali nje kidogo ya reli penye kivuli, na bila kumwuliza mtu akachimba shimo dogo, la kina cha mkono, akalisafisha kingo vizuri kama anapanda mti.

Saa tisa kaka yake Kabula alipiga simu, akaiacha wazi pale makaburini. Kabula aliishika mbele ya kifua chake na sote tukasogea. Tulisikia kwaya ya kijijini kwao, mbali, kama wanaimba ndani ya mtungi. Tukasikia sauti ya mchungaji ikianza, "Ndugu yetu Mihayo..." na mtandao ukakatika.

Kabula akairudisha simu sikioni. Akapiga. Akapiga tena. Akainua uso kuangalia mnara uko wapi, akapiga hatua mbili kama anayetaka kukimbilia juu ya kichuguu. Kisha akasimama. Alitutazama, akalitazama shimo, akaizima simu na kumpa Mzee Idi aishike.

"Nani anaongoza?" mtu akauliza. Wote wakanitazama mimi, nadhani kwa ajili ya rozari iliyokuwa shingoni. Mimi huyu, ambaye hata kwenye jumuiya nasukumwa kusoma somo! Nikaanza Baba Yetu. Sauti zikaja kutoka pande zote, za Wakatoliki, za Wamoraviani, na za wengine nisiowajua ni wa wapi. Mzee Idi alikuwa amesimama kidogo pembeni, ameinua viganja, anasoma dua yake taratibu. Kisha Kabula mwenyewe akaanzisha wimbo aliopenda baba yake. Alianza juu mno, ikabidi ashuke, na sisi tukashuka naye.

Akapiga magoti, akachukua udongo.

"Baba," akasema, "nimekuja. Nimefika mpaka Igalula."

Akautia udongo shimoni. Hapo ndipo alipolia, na alilia vizuri, kwa sauti, kama mtu anavyolia kwao. Tukapita mmoja mmoja kutia udongo. Mama wa jembe akafukia, akaushindilia kwa kiganja.

Nikaona si vizuri kumaliza bila shukrani. Nikasema kwa sauti, "Tunawashukuru nyote, na kwa namna ya pekee tunamshukuru Mama Mwadila, aliyetuchimbia."

Watu wakatazamana. Mzee Idi akakohoa. "Mwanangu, 'mwadila' ni salamu. Amekuambia habari za mchana."

Jamani! Alianza kucheka mama mwenyewe, amejishika kwa mpini wa jembe. Wakacheka wauzaji, akacheka kijana wa bodaboda, na nilipogeuka nikamwona Kabula, machozi hayajakauka, anacheka mpaka ameshika mbavu. "Baba angependa hii," akasema. "Mama, baba angeipenda sana."

Kisha tukala, kwa sababu msibani watu hula. Muuzaji wa michembe alileta sufuria ya iliyopikwa na karanga, laini, tamu, akaniwekea ya kwangu kwanza. Tulikuwa bado tunajilamba vidole honi ilipolia.

Tabora

Tuliingia Tabora jua linazama. Treni ilikuwa inaendelea na Kabula. Tuliagana dirishani.

"Nitawakuta kwenye matanga," akasema. "Nitawaambia baba alizikwa mara mbili."

Mzee Idi hakutaka hata kusikia habari za nyumba ya wageni. Alinipeleka kwake, kwa mkewe Bi Zuhura, ambaye aliniwekea maji ya moto, wali, na samaki wa kukaushwa, na godoro jipya ambalo nawaambieni halina mfano. Nikamweleza kuhusu gauni na ibada niliyokuwa naikosa. Bi Zuhura akaniomba nimwoneshe. Nikalifungua. Akapitisha kidole kwenye mishono, akasema, "Mashallah. Litavaliwa." Akalikunja upya, vizuri kuliko nilivyolikunja mimi.

Alfajiri nilisikia adhana, nikasikia Mzee Idi akitia udhu uani. Nikaamka na mimi, nikapiga ishara ya msalaba, nikasali sala zangu za asubuhi. Mara hii mabega ya Sara hayakuja kunisumbua. Nilimwombea Kabula, nilimwombea marehemu, kisha nikanyamaza kidogo, nikisikia maji yakimwagika nje.

Kwenda Sikonge

Gari la kwanza lilisubiri lijae, na watu wa Jumapili hawajazi gari haraka. Nilijua nimeshachelewa, kwa hiyo nilikuwa mtu pekee asiyemgombeza dereva. Barabara ya Sikonge sasa ni lami. Miti ya miombo ilipita dirishani, na mabani ya kukaushia tumbaku, na mizinga ya nyuki imening'inia juu kama magogo yaliyosahaulika. Niliposhuka nilipakiwa kwenye baiskeli ya jirani yake Yona, mimi nyuma, begi kichwani, tukaingia njia ya vumbi.

Kengele ya kanisa ililia tukiwa bado njiani. "Wanatoka," akasema mwendesha baiskeli. "Tumewapata mlangoni."

Watu walikuwa wanamiminika nje. Nikamtafuta Sara. Alikuwa katikati ya wenzake, amevaa gauni jeupe la kuazima, la mtu mzima, limebanwa mgongoni kwa pini. Na alikuwa anacheka. Aliponiona alinijia mbio. "Mama mkubwa! Shikamoo! Umefika!"

Mama yake hakukimbia.

Kwa Leokadia

Leokadia alinisubiri mpaka wageni wamekwisha kula. Kisha akanivuta jikoni.

"Dada, nilikuwa nakusubiri wewe. Mtoto amesimama mbele ya watu na pini mgongoni. Bodaboda hazipo Igalula?"

"Zipo. Begi langu lilikuwa limeshafungwa."

"Sasa?"

Nikamsimulia kama nilivyowasimulia ninyi. Nilitarajia atanikata katikati. Hakunikata. Nilipofika pale Kabula aliposema "nimefika mpaka Igalula," aliacha kukoroga. Nilipomaliza, alisema tu, "Haya, lete gauni," na akatoka.

Sara alilivaa jioni ile. Lilikuwa fupi! Kumbe tangu vipimo vije binti amerefuka. Bahati nzuri niliacha pindo kubwa. Nililifumua, nikalishona upya kwa mkono nimekaa mlangoni, na kesho yake mchungaji alipokwenda kuwapelekea Chakula cha Bwana wagonjwa wasioweza kufika kanisani, Sara alifuatana naye, amevaa gauni lake, vumbi mpaka magotini, akimbebea kikapu.

Alasiri ya siku hiyo mimi na Leokadia tulikaa uani kumenya karanga. Yona alikuwa porini kwenye mizinga. Mnajua mimi nikikaa na mdogo wangu huwa na mengi: mbona umekonda, mbona huendi kliniki, watoto wanakula nini. Siku hiyo nilikuwa nimechoka na safari, au sijui ni nini, nilimenya tu. Maganda yalikuwa yanalia, kuku wanadonoa, na nilijisikia nimetulia.

"Dada," akasema, bila kuinua kichwa. "Mwaka jana nilijifungua."

Mikono yangu ilisimama.

"Alizaliwa hana uhai. Msichana. Yona alimzika kule nyuma. Sikuwaambia nyumbani."

Ulimi wangu ulikuwa umejaa. Kwa nini hukusema, hospitali gani, nani alikuhudumia, ulikunywa dawa gani. Niliyameza yote. Nikasogeza kigoda mpaka magoti yetu yakagusana.

"Nilijua mtanipa ushauri," akasema. "Nami sikutaka ushauri. Nilitaka mtu ajue tu kwamba alikuwepo."

"Mlimpa jina?"

Akanitazama. Nadhani hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo.

"Furaha."

"Furaha," nikasema.

Akaanza kulia, na mimi nikalia, na hatukuharakisha. Baadaye akaninyanyua kwa mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba, tukasimama pale pamoja mpaka Yona aliporudi akinukia moshi na asali. Alitukuta, akaelewa, akavua kofia, akasimama nasi.

Basi Alhamisi iliyopita, tulipokuwa tukisali kwa mama Beatrisi, nami nikasema tumwombee mtoto Furaha na wazazi wake, na ninyi mkajibu kisha mkaniangalia, ndiye huyo. Leokadia ameniruhusu niwaambie. Amesema angependa jina lake litajwe Morogoro.